Kupanda Bujora: Mama, Utawajibu Nini Watoto?

Akina mama wa Maswa tunajua sana kupanga safari za harusi na misiba. Safari ya kuwatoa watoto wakajifunze jambo, tukarudi jioni hiyohiyo, wengi wetu huiona anasa. Mwezi huu tunapendekeza safari moja ya namna hiyo: kupanda Bujora, kilima cha mawe kilichopo Kisesa, wilayani Magu, jirani na jiji la Mwanza.

Ondokeni alfajiri. Mtapita Bariadi hadi Lamadi, kisha mtashika barabara ya Mwanza kupitia Magu. Mkishuka Kisesa, pandeni kwa miguu. Watoto hukumbuka zaidi mahali walipofika kwa jasho lao. Bebeni maji, matobolwa na fedha ya kiingilio.

Huko juu kuna nini? Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, alifika Bujora katika miaka ya 1950. Hakuwataka Wakristo waache Usukuma wao mlangoni. Kanisa la Bujora limejengwa likifuata nyumba ya Kisukuma, altare ina umbo la kiti cha mtemi, na tabenakulo inafanana na nyumba ya msonge. Mtu wa kwetu akiingia anaelewa kabla ya mahubiri kwamba Mtemi wa watemi yumo humo.

Kando ya kanisa yapo makumbusho ya Wasukuma. Utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963, vitu vingi vya watemi vingeweza kupotea. Bujora zimehifadhiwa ngoma zao na viti vyao. Watoto wataona nyumba ya mhunzi, nyumba ya familia ya zamani, na habari za wagika na wagalu, vyama vya ngoma ambavyo mpaka leo hushindana katika sikukuu ya Bulabo, mwezi wa Juni, wakati wa sherehe ya Ekaristi.

Ipo pia nyumba ya mganga wa jadi, na habari za ibada kwa mizimu ya mababu. Hapo ndipo mtoto atakapokushika kanga na kuuliza, “Mama, hapa walikuwa wanamwomba nani?”

Swali hilo haliwapati Wasukuma peke yao. Huko Sri Lanka wafuasi wa Budha hupanda usiku mlima wa Sri Pada, wenye mita 2,243, kwenda kuheshimu alama wanayoamini kuwa ni ya unyayo wa Budha. Wahindu, Waislamu na Wakristo nao hupanda, kila mmoja na imani yake. Hapa nchini, Upanga jijini Dar es Salaam, lipo hekalu la Kibudha lililoanzishwa na watu waliotoka Sri Lanka. Mtoto wako akienda kusoma au kufanya kazi huko atapita mlangoni pake. Je, umemfundisha namna ya kuheshimu ibada ya mwingine bila kuiacha yake?

Wapo akina mama watakaomvuta mtoto haraka na kusema, “Usitazame!” Wengine watasema ni mambo ya kale, yamekwisha. Tuwe wakweli: hayajakwisha. Mtoto anapougua wiki ya pili na zahanati haijasaidia, usiku huja jirani na ushauri wake, na Mkristo aliyeimba kwaya Jumapili hujikuta njiani kwenda kupiga ramli.

Ramli hiyo humtafuta mchawi, na katika Usukuma mara nyingi mchawi huyo amekuwa bibi kizee. Ajuza wengi wameuawa, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa jikoni kwa miaka mingi ya kuwapikia watoto na wajukuu. Hofu isiyozungumzwa nyumbani hukua gizani, na kijana aliyelelewa ndani yake anaweza siku moja kushika panga.

Kwa hiyo jibu, mama, tena mchana kweupe. Mwambie kwamba wazee wetu walimjua Muumba, wakamwita Liwelelo, kabla padre au mchungaji hajafika. Mwambie waliwakumbuka wafu wao kwa kuwa waliwapenda, na sisi pia tunawapenda na kutunza makaburi yao. Lakini uzima na mvua tunamwomba Mungu mwenyewe, kwa jina la Yesu. Kisha mwambie kwamba anayempenda Mungu hamwiti bibi wa mtu mchawi.

Mtume Paulo alipofika Athene alizunguka, akazitazama madhabahu za watu, ndipo akaanza kusema nao. Hakuogopa kutazama, wala hakuinama mbele ya madhabahu hizo.

Kabla ya safari, kaeni na baba wa watoto mkubaliane mtakalosema, maana mtoto akipewa majibu mawili nyumbani atatafuta la tatu nje. Kama bibi yenu bado ana nguvu, mchukueni. Vyombo vingi mtakavyoviona pale yeye alivitumia kwa mikono yake, na watoto wakimsikia akivieleza watajifunza kumheshimu. Asipoweza kupanda, mkirudi mketini miguuni pake, mumsimulie mlichokiona, naye awaeleze yaliyobaki.