Je, Wajua? Ndege za Mizigo Zilizopata Ajali Zikipaa au Punde Baada ya Kupaa

Je, wajua kwamba…

• Alfajiri ya Julai 2, 2014, ndege aina ya Fokker 50 iliyosheheni miraa ilipaa kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, kuelekea Mogadishu, ikaangukia jengo la biashara mtaani Utawala? Wote wanne waliokuwamo walikufa. Miraa ikinyauka haina bei, ndiyo maana husafirishwa mbiombio.

• Machi 9, 2009, ndege aina ya Ilyushin-76 ilitumbukia Ziwa Victoria mara tu ilipotoka Entebbe? Walikufa watu 11, wakiwemo maofisa wa jeshi la Burundi.

• Wanaokufa wengi huweza kuwa wasiopanda ndege kabisa? Januari 8, 1996, Antonov 32 iliyozidishiwa shehena ilishindwa kupaa uwanja wa N'Dolo, Kinshasa, ikapitiliza hadi sokoni. Waliokufa walizidi 200.

• Oktoba 4, 1992, injini moja ya Boeing 747 ya El Al iling'oka baada ya ndege kupaa kutoka Amsterdam, ikagonga ya pili nayo ikang'oka? Ndege ikaangukia maghorofa ya Bijlmermeer. Walikufa 43, na 39 kati yao walikuwa ardhini.

• Boliti moja ikichomoka kwenye mkia yatosha kuangusha DC-8? Ndivyo ilivyokuwa karibu na Sacramento, Februari 16, 2000. Wote watatu walikufa.

• Mzigo ukielemea nyuma, pua ya ndege hupanda kupita kiasi na mbawa hukosa nguvu ya kuibeba? Mwaka 1997 DC-8 iliyobeba vitambaa vya jinzi ilianguka Miami kwa sababu hiyo. Walikufa watano, mmoja wao akiwa ardhini.

• Aprili 29, 2013, Boeing 747 ilipaa kutoka Bagram, Afghanistan, ikiwa na magari 5 ya deraya, yenye uzito wa tani 12 hadi 18 kila moja? Angalau gari moja lilikatika mikanda, likarudi nyuma kwa kishindo, likaharibu mifumo ya haidroliki na mtambo wa kuongoza mkia. Marubani hawakuwa na la kufanya. Wote 7 walikufa.

• Wakati wa ajali hiyo ya Bagram, sheria za Marekani zilimtaka rubani awe na leseni, lakini si msimamizi wa upakiaji? Baada ya ajali hiyo, wachunguzi walitaka naye athibitishwe rasmi.