Sauti za Tabora Zisife Ndani ya Kanda

Wahenga walisema kwamba zumari ikipigwa Unguja, hucheza walioko Maziwa Makuu. Usemi huo sisi wa Visiwani tunaukumbuka kwa fahari, na pengine kwa fahari iliyozidi kiasi. Lakini habari hiyo ina nusu ya pili ambayo wahenga hawakuisema kwa kuwa hawakuiona. Ilifika siku gitaa likapigwa Tabora, wakacheza watu wa Unguja na Pemba. Kilicholeta mageuzi hayo ni redio, na ushahidi wake leo umo hatarini.

Mwenye kusimama Isevya, mjini Tabora, yumo katika mji uliokuwa njia panda ya misafara ya karne ya 19. Hapo njia iliyotoka pwani iligawanyika, moja ikielekea Ujiji na nyingine ikielekea kaskazini. Burton na Speke, waliotoka pwani mwaka 1857, walifika huko siku ya 134 ya safari yao. Njia hiyo ilipitisha nguo, shanga, pembe za ndovu na, kwa aibu yetu sote, watumwa. Ilipitisha pia lugha ya Kiswahili na nyimbo za wapagazi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, safari ya miezi ikawa ya siku chache.

Muziki wa kurekodiwa ulianza kuenea kwa sahani za santuri. Mwaka 1928 marehemu Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi, na sahani zake zikasikika pwani na bara. Hata hivyo, santuri ilikuwa chombo cha mwenye nacho. Redio ndiyo iliyomfikia kila mtu. Mwaka 1951 ilianza Sauti ya Dar es Salaam, na hapa kwetu Sauti ya Unguja. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio ndogo za betri zilipoenea, asiye na umeme naye akawa msikilizaji sawa na mwenye nao.

Hapo ndipo Tabora ilipojulikana kwa sauti yake. Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz yenye mtindo wa Segere Matata zilisikilizwa na watu ambao hawakupata kuukanyaga mji huo. Yafaa ikumbukwe kwamba nchini hapakuwa na kiwanda cha kuchapa sahani. Kazi hiyo ilifanyika Nairobi, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, mlango huo nao ukafungwa. Kimbilio la bendi nyingi likawa studio ya Radio Tanzania. Bendi kutoka Tabora ilikuwa na mwendo wa zaidi ya kilomita 800 kufika huko. Wapigaji walipiga kwa pamoja mbele ya vipaza sauti vichache. Akikosea mmoja, wote walianza upya. Wimbo uliokubaliwa ulibaki katika kanda, na kanda ikawekwa katika rafu ya Serikali.

Jambo jingine lazidisha thamani ya kanda hizo. Visiwani tulipata televisheni, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara haikuwako mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo, katika miaka yao bora, wanamuziki wa Tabora walijulikana kwa masikio tu. Wengi wao hawakupigwa picha ya televisheni hata siku moja. Kanda ikipotea, hakuna kingine cha kumwonyesha mjukuu.

Na kanda hupotea. Ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa madini kwa gundi. Joto na unyevu wa pwani huilainisha gundi hiyo, unga ukabanduka, na sauti ikaondoka pamoja nao. Mashine za kuzichezea nazo zinachakaa, na mafundi wake wanazeeka. Kanda iliyongoja miaka 50 haiwezi kuahidiwa mingine 50.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wanaohusika watende mambo matatu. Kwanza, kila kanda iliyorithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania itolewe nakala kwa kompyuta, pamoja na majina ya waliopiga na mahali walikotoka, maadamu wapo wazee wa kuyathibitisha. Pili, nakala moja irudishwe katika maktaba ya mkoa ulikotoka muziki huo. Tatu, haki ya wapigaji itazamwe. Enzi zile redio haikuwa na desturi ya kuwalipa mirabaha kila wimbo wao ulipopigwa hewani. Sasa tunazo sheria za hakimiliki, ya Bara ya mwaka 1999 na ya Zanzibar ya mwaka 2003. Sheria hizo zisiwe za vijana wa leo peke yao.

Tutaambiwa kwamba fedha ni chache, na kwamba dawa na madawati huja kwanza. Hatubishi. Lakini zahanati iliyocheleweshwa mwaka huu yaweza kujengwa mwaka ujao. Sauti iliyobanduka katika utepe haijengwi tena.

Wala tusidhani kwamba shauri hili ni la Bara tu. Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na nyimbo nyingi za vikundi vyetu vya taarabu zilirekodiwa na redio yetu wenyewe. Unyevu unaokula kanda Dar es Salaam ndio huo huo uliopo Unguja. Tunalowaomba wakuu wa Bara, tunawaomba na wakuu wetu.

Misafara ya kale ilichukua mengi kutoka Tabora na kuyaleta pwani, na machache yalirudi. Nyimbo hizi nazo zilichukuliwa zikaletwa pwani. Mtoto wa Isevya asilazimike kusafiri hadi Dar es Salaam ili asikie gitaa la babu yake, wala asifike huko akaonyeshwa kanda isiyotoa sauti.