MAFUNDI WA MITAMBO YA BARIDI WAPATA KITUO KIGALI

Chama kinachopokea maziwa hakina adui mkubwa kuliko joto. Maziwa yasipopozwa hadi nyuzi 4 za Sentigredi ndani ya saa chache baada ya kukamuliwa, vijidudu huongezeka, mnunuzi huyakataa, na hasara humwangukia mfugaji. Tangi la kupozea hununuliwa kwa fedha nyingi. Fundi wa kulitunza, kwa bahati mbaya, hukumbukwa likishaharibika.

Jambo hilo sasa lina uzito zaidi. Katika mkutano uliofanyika Kigali mwezi Oktoba 2016, mataifa yalikubaliana kupunguza hatua kwa hatua gesi za HFC zitumikazo katika mitambo ya baridi. Kilo moja ya gesi iitwayo R-404A, ikivuja, huipasha dunia joto mara 3,900 hivi kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa. Miongoni mwa gesi zinazochukua nafasi yake ni propani, ambayo hushika moto, na amonia, ambayo ni sumu. Fundi asiyefunzwa, akichomelea bomba lenye propani, aweza kulipua chumba kizima.

Kwa ajili hiyo Rwanda, Uingereza na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa zilianzisha mwaka 2020 kituo cha ACES mjini Kigali, vikishirikiana vyuo vikuu vya Rwanda na Birmingham. Mafunzo yake yahusu mazao ya wakulima na chanjo pia.

Katibu anayetaka kununua tangi asome kwanza jina la gesi kwenye kibati cha mtambo, kisha aulize ni fundi gani wa karibu aliyefunzwa kuishughulikia.