Nyumba ya kupangisha Baraka: hesabu kwanza

Ndugu wana-ushirika, nyuma ya mavuno ya mihogo wengi wanatuuliza: tununue nyumba Baraka, tupangishe? Bei ni kali. Wakimbizi walipoanza kurudi toka Tanzania 2005, tena kambi ya Lusenda ilipofunguliwa 2015 kwa Warundi, mashirika yalipanga nyumba kwa dola, na wenye nyumba wakazoea. Lakini mradi ukiisha shirika linaenda. Mwalimu na muuza ndagala njo wanabakia.

Tuseme nyumba ni dola 6000. Shirika likilipa 100 kwa mwezi, pesa inarudi kwa miaka 5. Mwalimu akilipa 20, ni miaka 25. Kutu imesha kula mabati! Basi mupatane bei kwa kufuata kodi ya mwalimu. Muuzaji akikataa, pesa ibaki kwa mbegu. Na kama hana karatasi za parseli, musitoe kitu.