Flashi Ijipimiayo Nuru

Katika miji ya Kasongo na Kabambare, na huko Lusangi, kusini mwa mkoa wa Maniema nchini Kongo, ambako Uislamu uliota mizizi tangu zama za misafara ya pembe, hapana kazi imtaabishayo mpigapicha kuliko kuwapiga wanaume waliosimama safu mbili usiku wa harusi, kanzu zao nyeupe, nyuso zao nyeusi, na nuru pekee ikiwa ni ya flashi ya kamera yake. Aghalabu kanzu hutoka kijivu na nyuso hutoka giza, naye hudhani taa yake ni dhaifu, ilhali taa ina nguvu za kutosha na kilichokosea ni hesabu.

Kidole kikibonyeza kitufe, kamera ya dijitali yenye kioo hupima kwanza nuru iliyopo. Kisha, kabla kioo hakijainuka na pazia halijafunguka, hutoa mwako mdogo wa nguvu maalumu, nao huwafikia watu, hurudi, hupenya lenzi na kuangukia kipimio. Na kwa kuwa kamera yajua ilichotoa na imekwisha kujua kilichorejea, hukadiria sawia mwako mkubwa uwe wa kiasi gani. Ndipo kioo huinuka, pazia hufunguka, mwako mkubwa hutoka, na swichi ya elektroniki huukata kiasi kile kikitimia. Kinachobadilika hasa ni muda wa kuwaka, ambao aghalabu haufiki hata sehemu moja katika elfu ya sekunde. Miako hiyo miwili hufuatana upesi hata watu huiona kuwa mmoja, ingawa wako wenye kope nyepesi wafumbao macho kwa ule wa kwanza, wakatoka pichani kama waliolala.

Zama za filamu kamera ya Olympus OM-2, iliyotoka mwaka 1975, iliipima nuru iliyodunda juu ya filamu yenyewe wakati picha ikipigwa. Sensa ya dijitali ina uso unaometameta, hairudishi nuru kama filamu. Kwa hiyo mwako wa kutangulia wa namna hii, ambao Canon iliuleta mwaka 1995 kwa kamera za filamu, ukawa ndiyo kanuni.

Sasa kamera hudhania kuwa kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni cha kijivu kirudishacho takriban asilimia 18 ya nuru. Kanzu kumi hurudisha nuru nyingi mno kuliko hiyo. Kamera huona imetosha, huukata mwako mapema, na wenye kanzu ndio wadhulumiwao. Mtu mmoja akisimama mbele ya kiza cha uwanja, hukumu hugeuka: kiza hakirudishi kitu, mwako huongezwa, na uso huchujuka. Naliona jambo hili kuwa zito, kwani picha ya harusi hupigwa mara moja, na mzee asiyeonekana uso ndani yake huenda asipate nyingine.

Dawa ipo katika kamera nyingi: kitufe cha kufidia flashi, kinachopandishwa hatua moja au zaidi mbele ya kanzu na kushushwa mbele ya kiza. Iliyo bora ni kuuelekeza mwako wa kupima kwenye uso mmoja, kuvifunga vipimo, kisha kuipanga picha. Walakini uso mweusi sana ukipimwa peke yake hung'arishwa kupita rangi yake, hivyo yafaa kupunguza kidogo. Safu ya nyuma ni shauri jingine, kwa kuwa umbali ukizidi maradufu nuru hubaki robo tu, na hapana kipimio kiwezacho kusawazisha hilo. Walio nyuma wasogezwe karibu na walio mbele, na mpigapicha arudi nyuma. Na betri zikichoka, asipige mpaka taa ndogo ya flashi iwake kuonyesha kuwa kapasita imejaa, maana vinginevyo picha ya pili itatoka kiza hata vipimo vikiwa sahihi.