Umakini Anao, Kuuhamisha Ndiyo Kazi

Kijana anayeshinda mchana kutwa akipanga takwimu za ligi kwenye daftari hawezi kuambiwa hana umakini. Hata hivyo, ripoti za shule za vijana wengi wenye usonji husema hivyo: hasikii, hatulii, hajizuii.

Kinachowashinda ni kuuhamisha umakini huo, na kipo kipimo kinachoonyesha hivyo: tangu 1948 wanasaikolojia wanatumia kipimo cha kadi. Mezani kuna kadi nne: pembetatu moja nyekundu, nyota mbili za kijani, misalaba mitatu ya njano, duara nne za buluu. Anayepimwa hupewa kadi nyingine moja moja, aoanishe. Kanuni haambiwi, anaambiwa tu amepatia au amekosa. Akishagundua kuwa kinachotakiwa ni rangi, akapatia mara 10 mfululizo, kanuni inageuzwa kimyakimya kuwa umbo. Wenye usonji, kuliko wenzao, hung'ang'ania rangi hata wakiambiwa wamekosa. Kanuni waliivumbua wenyewe. Kuiacha ndiko kunakowalemea. Lakini mwaka 1995 mtafiti wa Marekani, Sally Ozonoff, alionyesha kuwa kipimo hicho kikifanyika kwa kompyuta, wanafanya vizuri zaidi kuliko mbele ya mpimaji. Basi sehemu ya mzigo ni kumsoma mtu.

Sasa mpeleke kijana huyo sekondari. Kila kipindi mwalimu mpya, kengele, makelele ya korido, zamu iliyobadilishwa ghafla. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayosimamia kujizuia, haikomai kwa mtu yeyote kabla ya miaka ya ishirini na kitu. Jioni nguvu zimemwishia, na analipuka nyumbani, kwa sababu ya kalamu tu. Kumchapa hapo ni kumwongezea mzigo uleule uliomshinda.

Wapo pia wenye tatizo halisi la umakini pamoja na usonji. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani haukuruhusu kutambua yote mawili kwa mtu mmoja hadi 2013, kwa hiyo mzazi asisite kumwomba daktari aangalie yote.

Nyumbani, toa agizo moja kwa wakati, na uliandike. "Acha hiyo, kaoge, uje ule, tutoke" ni mahamisho manne kwa pumzi moja. Mwambie, "Baba, ukimaliza ukurasa huo, ukaoge," kisha nyamaza, umwache aumalize.