Usanifu wa Kiolesura cha Kamera katika Simu za Kukunjwa
Tangu Samsung ilipotoa Galaxy Fold mwaka 2019, dhana kwamba simu ina umbo moja tu imepoteza mashiko. Hata hivyo, programu nyingi za kamera zilisanifiwa juu ya dhana hiyo: skrini ni ndefu na nyembamba, nacho kihisi cha picha kimegeuzwa nyuzi 90 kikilinganishwa nayo. Skrini inapofunguliwa na kukaribia umbo la mraba, uhusiano huo huvunjika. Sura ya anayepigwa picha huonekana imevutwa au imelala ubavu, ilhali lenzi haina kasoro yoyote. Kipimo sahihi, basi, ni ukubwa wa dirisha la programu kwa wakati huo, wala si aina ya simu.

Ugumu zaidi, na faida pia, umo katika hali ya kukunjwa nusu. Galaxy Z Flip ya mwaka 2020 husimama mezani yenyewe. Hapo picha hukaa nusu ya juu na vitufe nusu ya chini, na kitufe hakifai kuangukia kwenye bawaba. Maktaba ya WindowManager ya Android huiarifu programu mahali bawaba ilipo, na kama skrini imenyooka au imekunjwa nusu.

Taarifa hiyo pekee haitoshi. Mtu anapoikunja simu huku akirekodi, Android kwa kawaida huuvunja ukurasa wa programu na kuuunda upya. Ikiwa kazi ya kurekodi imefungamanishwa na ukurasa huo, video hukatika katikati ya tukio, na harusi hairudiwi kwa ajili ya kamera.